Mwezi Mmoja Tu, Bwana Marhoon

Darsait, Maskati
5 Septemba 1970

Kwa Bi Sayyida binti Thabit,
Mkuu wa Chama cha Kufaana, Deira, Dubai

Assalaam alaikum warahmatullahi. Baada ya salamu, nnakuarifu kuwa nimefika salama na nimepata chumba Darsait, kwa mzee mmoja anayeuza maji kwa punda. Punda analala nyuma ya ukuta wangu na anakoroma kushinda marehemu baba yangu.

Bi Sayyida, mji huu tokea mwezi wa saba, aliposhika ufalme Sultani mpya, umeamka. Kila siku inafunguliwa ofisi mpya. Nyengine zina mkubwa lakini hazina meza, nyengine zina meza na mkubwa wake bado yuko njiani. Wanataka watu waliosoma, na kila aliyetoka kwetu Unguja anatazamwa kama lulu. Basi nikavaa koti langu lile la kukagulia karafuu bandarini, nikaenda kwa Sheikh Bakhit, mkubwa wa ofisi moja inayoandika watumishi.

Palikuwa na kiti kimoja. Nikakionyesha, nikasema kwa adabu, "Tafadhal," nikiomba nikae. Akanishukuru, akakaa yeye. Nikatoa kalamu yangu, nikamwomba karatasi: "Tafadhal." Akaichukua kalamu, akaitia mfukoni. Kumbe neno hilo kwao si la kuomba, ni la kumkaribisha mtu achukue! Akaniuliza nnaionaje kazi ya ukarani. Nikataka kumwambia kuwa kwangu ni rahisi. Nikasema, "Rakhisi." Uso ukamwiva. Nimekuja kuelezwa njiani kuwa nimemwambia kazi yake ni ya bei ya chini, kitu duni.

Nimerudi bila ya kazi na bila ya kalamu. Hii nnayoandikia ni ya mwenye punda.

Posho ya Chama inamalizika karibuni. Nnaomba muniongeze mwezi mmoja.

Wasalaam,
Marhoon bin Aflah

* * *

Deira, Dubai
14 Septemba 1970

Bwana Marhoon,

Waalaikum salaam. Barua yako nimeisoma mbele ya kikao. Watu wamecheka mpaka Mzee Muslim, mweka hazina wetu, akaamka.

Sasa tuache kucheka. Chama hiki tulikianzisha mwaka wa sitini na nne, tulipofika hapa na nguo za mwilini, ili mtu asife njaa anapotafuta kazi. Sheria unaijua, ulikuwepo ilipotungwa, na ndiwe uliyetaka iwe kali. Anayekwenda Maskati kutafuta kazi anapewa posho ya mwezi mmoja. Akitaka nyongeza, sharti aonyeshe kuwa anatafuta kweli, na kazi anayoitafuta iwe yake mwenyewe. Si ya mpwa wake wala ya shemegi yake.

Umeonyesha kuwa unatafuta. Kwamba unatafuta vibaya si hoja, sheria haikusema. Tumekuongeza.

Mwezi mmoja tu, Bwana Marhoon. Na jifunze Kiarabu cha watu wazima.

Sayyida binti Thabit

* * *

Darsait
2 Oktoba 1970

Bi Sayyida,

Assalaam alaikum. Posho imefika, ahsanteni sana.

Nimerudi kwa Sheikh Bakhit kumtaka radhi. Ni mtu mwema, amenirudishia kalamu. Akaniambia ipo kazi ya kufasiri kwa wahandisi wanaochimba barabara, Kiingereza changu kinatosha, niseme tu ndiyo. Nikamjibu kuwa nitafikiri kwanza. Kwa ulimi wangu ikatoka, "Ana fikiri." Yeye akasikia "ana faqiri," na kwa Kiarabu chao "ana" ni mimi: mimi ni masikini. Akanipa kikapu cha tende na kuniombea dua. Nilikuwa na haya ya kukikataa, nikakichukua. Tende nzuri sana.

Kazi yenyewe nimeitazama kwa siku kadha wa kadha, nikaona hainifai. Nnaendelea kutafuta, kila siku, kuanzia asubuhi. Nnaomba nyongeza.

Halafu, naulizia khabari tu: Majid, yule fundi wa umeme, bado anaogopa ngazi ndefu? Na Kheiria, kile kidole kilichobanwa na mlango wa benki kimepona, anaweza kupiga taipu kama zamani? Shaikha mkunga naye, bado anagombana na madaktari, au ameshapoa?

Wasalaam,
Marhoon

* * *

Deira
12 Oktoba 1970

Bwana Marhoon,

Waalaikum salaam. Hujui hata kinachopita mbele ya pua yako. Majid ameondoka hapa juzi juzi na ameshapata kazi huko. Kheiria ndiyo kwanza ametua, na kazi ameipata siku ileile. Shaikha tumemfungia safari Jumatatu, na Alkhamisi likaja jibu kuwa yumo hospitali, ana chumba na mwavuli. Hata posho zao hawakuzimaliza, wamezirudisha!

Weye umetangulia kuliko wote. Vipi watu wanakupita kama gari lililoharibika? Nnasikia huko wanaokota watu njiani wakiwatia ofisini. Au unajificha wakipita?

Jambo jengine. Unamjua Nasriya, fundi wa kushona, jirani yangu. Mumewe alikufa tukiwa bado katika kambi ya wakimbizi, na ana watoto wawili wa kike. Anangoja zamu yake ya kuja huko. Sanduku la Chama si kisima. Kila nikikuongeza weye, yeye anangoja. Mwanamke yule anashona tu, na mie nikimtazama nnaona haya.

Tumekuongeza mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Hii ni ya mwisho. Ukipewa kazi ya kuosha punda, osha punda.

Sayyida

* * *

Darsait
27 Oktoba 1970

Bi Sayyida,

Assalaam alaikum. Maneno yako kuhusu Nasriya yameniingia. Sikujua kama ni yeye anayengoja, na tokea nijue silali vizuri, na safari hii punda hana kosa.

Bado nnatafuta. Siwezi kusema zaidi kwa sasa. Nnaomba mwezi huu tu, wa Ramadhani, na nnakuomba unisaidie na haya maswali, uyajibu upesi: Nasriya anaamka mapema? Ni mtu wa subira au wa hasira? Mikono yake bado myepesi kama ilivyokuwa? Anaweza kukaa na wanawake wenziwe nyumba moja bila ya ugomvi? Na wale watoto wake wana umri gani, na ni wakaidi?

Usimwambie kuwa nimeuliza. Sitaki atumaini kitu halafu kisiwe.

Ramadhani karimu.

Marhoon

* * *

Deira
5 Novemba 1970

Bwana Marhoon bin Aflah,

Nimefunga, kwa hivyo nitaandika robo ya ninayoyafikiri.

Sasa nimeelewa kwa nini kazi huipati. Hutafuti kazi, unatafuta mke! Mtu mzima, na koti lako la serikali, unakaa Maskati kwa posho ya wajane na mayatima ukiuliza mikono ya mjane kama myepesi! Anaamka mapema! Watoto wakaidi! Hebu niulize mie kama nimeshawahi kuona ukaidi kama wako.

Ungenambia wazi, "Bi Sayyida, nnamtaka Nasriya," ningekwenda nikamwuliza, na angekataa kwa heshima, na yangeisha. Lakini Chama hiki si cha kuozesha watu. Posho yako imekatwa tokea leo. Kikao kizima kimekubali, na Mzee Muslim hakupinga, alikuwa amelala.

Mungu akuongoze.

Sayyida binti Thabit

* * *

Matrah
11 Novemba 1970

Bi Sayyida mpenzi,

Shikamoo. Ni mie Kheiria. Nnapiga barua hii kwa mashine ya ofisi, Sheikh Bakhit amekwenda kusali.

Bwana Marhoon amenionyesha barua yako. Hakukasirika, alisema tu, "Bi Sayyida ana haki, nimeuliza kijinga." Akanikataza nisikuandikie. Mie naandika.

Hii kazi yangu alipewa yeye. Sheikh alimbembeleza, na yeye kila akiulizwa anasema kesho, kesho. Kumbe ananingoja mie. Nilipotua kiwanja cha ndege alikuwa amesimama juani na koti lake. Akanileta mpaka hapa, akamwambia Sheikh, "Mashine hii inataka vidole vya huyu, vyangu vitaivunja." Majid naye ni yeye huyohuyo aliyempatia. Alikwenda kwanza kuzikagua ngazi za mtambo wa umeme, akahakikisha ni fupi, ndo akamwita. Hospitali aliwaambia kuwa Shaikha ni mgomvi lakini mbele yake hafi mtoto, wakasema huyo ndiye tunayemtaka. Ile ya wahandisi wa barabara amempa kijana wa Mombasa ambaye hata katika Chama hayumo. Kila ndege ikitua, Bi Sayyida, yupo pale. Anamtazama mtu, anamwuliza hili na lile, halafu anakwenda naye mahala. Na akimpeleka mtu, ndo mahala pake.

Alituapisha tusiseme. Sheria ya Chama inataka mtu ajitafutie mwenyewe, na yeye alijua akisema posho itakatwa.

Nikamwuliza, "Na weye je?"

"Nnatafuta."

"Umeshaona kazi ngapi?"

"Zote," akasema, "na kila moja ina mwenyewe."

Nikamshikilia. Akanambia, "Kheiria, mie nilikuwa na kazi yangu kule. Dubai nimebeba magunia miaka sita, lakini nilikuwa nabeba kama mtu anayepita njia. Hapa nikikaa kwenye kiti, ndo nimekiri kuwa ile yangu imekwisha."



Khabari ya Nasriya ni hii. Wanafungua skuli ya wasichana na wanataka sare, nyingi, na fundi wa kuwasimamia washonaji. Ndiyo maana ya mikono na subira. Na watoto aliwaulizia ili waandikwe skuli.

Tokea umkatie posho anafutari kwetu. Halafu kwa Majid, halafu kwa Shaikha, kwa sababu kila nyumba inamwalika na hawezi kusema kuwa ameshakula. Juzi kwa Shaikha alishindwa kuinuka kwenye mkeka, ikabidi avutwe. Kwa hivyo njaa hana, usiwe na wasiwasi. Lakini kodi ya chumba hajui atailipa vipi, na mwenye punda ameanza kukohoa mlangoni.

Mwanao,
Kheiria

* * *

Deira
19 Novemba 1970

Bwana Marhoon,

Assalaam alaikum. Nimepata barua ya Kheiria. Usimgombeze.

Sikukosea. Niliarifiwa vibaya, na aliyeniarifu vibaya ni weye. Hilo liwekwe kwanza.

Nimeitisha kikao baada ya alasiri. Tulikuwa watatu: mie, Nasriya na Mzee Muslim. Wengine wote umeshawachukua. Nikasema posho irudishwe. Mzee Muslim, siku ambayo namtaka alale, akawa macho! Akasema sheria ni sheria, huyu hajitafutii mwenyewe. Nikamwambia sheria ile tuliitunga tukiogopa wavivu, na huyu si mvivu, ni mjinga. Nasriya, ambaye miaka yote sijamsikia akipandisha sauti, akasimama na mkasi mkononi, akasema mtu akimtafutia mwenziwe riziki na yeye bado hana, naye ni mtafuta kazi, na kama halimo katika sheria basi litiwe sasa hivi. Mzee Muslim akautazama mkasi. Likatiwa. Tuligombana mpaka mwadhini akatunyamazisha.

Basi posho yako imeongezwa, si kwa mwezi, bali mpaka upate kazi. Haijapata kutokea katika Chama hiki.

Na Nasriya anasema anaamka mapema.

Sayyida

* * *

Darsait
20 Novemba 1970

Bi Sayyida,

Assalaam alaikum. Posho mliyoikata ibaki imekatwa. Nimepata kazi.

Sheikh Bakhit aliniita ofisini. Akanambia, "Marhoon, kila nikikupa kazi unaniletea mtu. Umenichosha. Sasa sikupi kazi. Kaa pale, uniletee watu."

Nikamwambia, "Sheikh, hiyo si kazi, hiyo ndiyo shughuli yangu ya kila siku."

"Basi tutakulipa kwa shughuli yako ya kila siku. Kuna meza ile, imefika jana."

Niliitazama ile meza, Bi Sayyida. Nikapita katika kichwa changu mtu mmoja mmoja, wa Dubai, wa Mombasa, wa Kairo, kama nnavyofanya siku zote, nikimtafuta mwenyewe. Sikumwona. Nikakaa. Kheiria alikuwa kwenye taipu, akaacha kupiga, akajifanya anatafuta karatasi chini.

Nilidhani nitaumia. Sikuumia. Nilihisi kiu tu, nikakumbuka nimefunga.

Zamu ni ya Nasriya. Mwambieni kitambaa cha sare kimefika, ni cha rangi ya samawati na kinachuja.

Marhoon

* * *

Deira
28 Novemba 1970

Bwana Marhoon,

Barua zetu zimepishana angani. Tumetukanana kutwa nzima kwa ajili ya kukuongezea posho, Mzee wa watu ametishwa na mkasi, sheria imebadilishwa, na weye siku ya pili yake unapata kazi! Hukuweza kungoja hata wiki tukaifurahia ile sheria?

Nimefurahi. Nimelia kidogo pia, lakini nilikuwa nakata vitunguu.

Nasriya anakuja baada ya Idd na cherehani yake na watoto. Mkubwa ni mkaidi, umeuliza ukajibiwa. Nikishampeleka uwanjani nitakifunga Chama. Hakuna tena wa kumpa wala wa kumkatalia.

Mie siji. Najua utauliza, kwa hivyo usiulize. Watu wananambia, "Bi Sayyida, nenda kwenu." Oman ni kwao baba wa babu yangu, mie sijaiona hata kwa picha. Kwetu ni Malindi ya Unguja, nyuma ya msikiti. Nilishafanywa mgeni mara moja, nikiwa na miaka hamsini na tano, na nimejifunza Dubai mpaka wapi samaki wanauzwa bila ya kuibiwa. Sina nguvu za kujifunza ugeni mara ya pili.

Idd mubarak.

Sayyida

* * *

Darsait
4 Desemba 1970

Bi Sayyida,

Idd mubarak. Siulizi. Nnaarifu tu.

Wiki iliyopita ndege ilishusha watu wa nyumba mbili kutoka Mombasa, na wengine wamefika kwa meli Matrah. Hawana chama. Kazi nnaweza kuwatafutia, lakini kazi haipatikani siku ileile, na kati ya kufika na kupata, mtu anataka kula. Nilianza kuwagawia mshahara wangu. Wakaja wengine. Mimi siwezi kumkatalia mtu, nnajijua. Huyu anaomba mwezi, nampa. Yule anaomba wa pili, nampa. Mmoja nimemgundua ana duka!

Tunataka mtu anayeweza kumtazama mwombaji usoni akamwambia hapana, na mwombaji akashukuru. Nimewapitia wote ninaowajua. Nnamwona mmoja tu.

Marhoon

* * *

Deira
10 Desemba 1970

Bwana Marhoon,

Mwenye duka akatiwe leo leo.

Nnaleta ombi. Jina, Sayyida binti Thabit. Mjane, hana mtoto. Anajua kusoma, kuandika, kupika na kugombana. Kiarabu chake ni cha sala. Anaomba posho ya mtafuta kazi, muda wowote mtakaoona unafaa. Nitakuja na Nasriya.

Sikusema kuwa nakuja kwetu. Nakuja kutafuta kazi, kama watu wengine.

Sayyida

* * *

Matrah
30 Desemba 1970

Kwa Mzee Muslim,
mweka hazina, Deira

Assalaam alaikum. Tumefika. Nasriya amekwisha kuwapigisha foleni washonaji, na sare zinatoka. Mwanawe mkubwa ameshagombana na mwalimu.

Mie nilipewa posho ya wiki moja. Kazi ya kwanza Bwana Marhoon aliyoniletea ilikuwa ya jikoni hospitali. Nikaikataa, masufuria machafu. Ya pili, kumlelea mtoto Mzungu mmoja. Nikaikataa, mtoto anauma. Nikaandika ombi la nyongeza kwa mwandiko mzuri. Unajua alinijibu nini yule mwanamme? Hapana! Mimi! Akanitazama usoni akasema, "Bi Sayyida, umekataa kazi mbili, nyongeza hupati." Nilitaka kumrushia kiatu. Halafu nikaona kuwa ameshajifunza, na ile kazi ya kuwakatalia waombaji haina tena haja ya mie. Nikaenda chumbani, nikakaa juu ya sanduku langu, nikajiuliza nimekuja kufanya nini.

Siku ya pili akanichukua skuli ya wasichana. Bibi mkuu akanieleza shida yake. Madarasa yapo, walimu wapo, sare zipo, lakini mabinti wengine hawaji. Baba zao hawataki wapite njiani peke yao. Wanataka mwanamke mtu mzima wa kuwachukua mlangoni na kuwarudisha mlangoni, mtu ambaye baba akimwambia hapana, haondoki.

Basi kila asubuhi nnazunguka vichochoro vya Matrah, nagonga mlango mmoja mmoja. Kiarabu changu wanakicheka, na mtu akishacheka, mlango umekwisha funguka nusu.

Mmoja amenisumbua. Baba ana duka la ngozi, sauti kama radi. Akanambia binti yake haendi popote. Nikakaa kizingitini pake, na watoto wengine wote nyuma yangu kwa mstari. Akaniuliza, "Weye ni nani, na unatoka wapi?" Nikajibu, "Nakaa pale juu, nyumba yenye mlango wa kijani," na nikashangaa mwenyewe kuwa ndilo jibu lililonitoka. Akasema nikae mpaka nichoke. Nikamwambia kuchoka sijafunzwa. Wateja wakaja wakatukuta, wakauliza kuna nini, nikawaeleza, na wao wakakaa. Mwisho mkewe akapitisha mkono kutoka ndani, akamsukuma yule mtoto nje, nywele zinachuruzika maji, na akaufunga mlango kabla mumewe hajageuka.

Leo nilipofika sikugonga. Alikuwa ameshasimama nje, viatu vipya ameviweka kifuani, hataki viguse vumbi. Nikamwambia, "Vivae, mwanangu, njia ni ndefu."

Sayyida binti Thabit